Kereng'ende wa Nyangores

Msikilizaji, baada ya habari, tusimame kidogo ukingoni mwa Mto Nyangores, hapo mjini Bomet. Juu ya tete ametua kereng'ende mwembamba kama sindano, mabawa ameyakunja mgongoni. Jike hutoboa shina na kutaga mayai humo. Watoto hukulia majini, wakila viluwiluwi vya mbu. Ukifyeka matete, umewabomolea nyumba.

Lakini je, yakuhusu nini? Matete hayo hayo huzuia tope la mashambani lisiingie mtoni, na maji haya, yakikutana na ya Mto Amala, ndiyo Mto Mara.

Kwa upande wa pili, mwenye kishamba ukingoni ana ng'ombe wa kulisha na karo ya kulipa. Akiyafyeka matete, simlaumu hata kidogo.

Basi tuuachie mto hatua ngapi za ukingo, na mkulima huyo tumfidie vipi?