Mada: Tando za Polima Zilizotibiwa kwa Plazma, na Swali la Siku Ngapi

Washiriki hawahitaji kufundishwa upya kwamba utando wa polima hutenganisha gesi kwa kuwa kila gesi huyeyuka ndani yake na kupenya kwa kasi yake, wala kwamba plazma ni gesi iliyochajiwa umeme hadi chembe zake zikawa kali kiasi cha kubadili uso wa plastiki bila kuuyeyusha. Tupite. Mada imeombwa ieleze kama teknolojia hii inafaa kusafisha bayogesi katika kambi ya Nduta na vijiji vya Kibondo na Kasulu, ambako kuni zimekuwa chanzo cha mivutano kati ya wakimbizi na wenyeji. Jibu la tahadhari ni kwamba inaweza kufaa, kwa sharti moja ambalo wauzaji hulikwepa.

Anayepika karibu na mtambo wa samadi hahitaji utando wowote. Jiko lake litawaka hata hewa ukaa ikiwemo, mradi salfa imepunguzwa. Haja huanza gesi inapotiwa mtungini. Bayogesi yenye asilimia 60 ya methani na 40 ya hewa ukaa kwa ujazo ina takriban theluthi mbili ya uzito wake katika hewa ukaa, kwa hiyo anayesukuma baiskeli yenye mtungi huo amebeba zaidi kisichowaka. Wapo watakaouliza kwa nini tusioshe gesi kwa maji, kama ufanyavyo mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 kwenye Ziwa Kivu, upande wa Rwanda. Pale ziwa liko mlangoni. Nduta maji hupangiwa foleni ya ndoo. Utando nao hudai kompresa, hilo tusilifiche, lakini mtungi unaidai vilevile.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Plazma ya oksijeni hupandikiza kwenye uso wa utando vikundi vya kemikali vinavyopenda maji, na kila ripoti huja na picha ya tone la maji lililotandazika, kana kwamba tone ndilo gesi. Uso huo haukai ulivyo. Minyororo ya polima hugeuka, vikundi vilivyopandikizwa huzama ndani, na vipande vidogo visivyopenda maji hupanda juu. Kwenye mpira wa silikoni, ambao minyororo yake hubaki legevu hata kwenye baridi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, mabadiliko huonekana ndani ya saa au siku chache. Polisalfoni, ambayo hulegea karibu na nyuzi 185, huenda taratibu zaidi, lakini nayo huenda. Joto huharakisha mwendo huo, na hewa kavu huuchochea, kwa kuwa vikundi vinavyopenda maji hubaki juu pale tu penye maji ya kuvishikilia. Bidhaa iliyokaa kwenye kontena juani Dar es Salaam, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,000, kisha ikasubiri kiangazi cha Kibondo, si bidhaa iliyopimwa maabara.

Itasemwa kwamba muda mrefu zaidi wa plazma utatibu hilo. Mara nyingi hufanya kinyume: tabaka linalochuja lina unene wa takriban nanomita 100, na plazma kali hulila hadi kutoboa. Hoja nzuri zaidi ni ya plazma ya argoni, inayofunga minyororo pamoja badala ya kupandikiza vikundi. Mfungo huo hudumu zaidi, ingawa hupunguza wingi wa gesi inayopita. Hapo kuna la kufanyia kazi.

Kwa sababu hizo inapendekezwa kwamba kwa sasa kusiwe na ununuzi wowote unaotegemea kipimo cha siku ya kwanza. Muuzaji atakiwe kupima upya utando uliohifadhiwa siku 30 mahali pa joto na pakavu. Apime kwa mchanganyiko halisi wa methani, hewa ukaa, unyevu na salfa, si kwa gesi safi ya chupa, na tone la maji lisihesabiwe kuwa kipimo. Plazma itumike kama hatua ya maandalizi, na tabaka la juu lipakwe mara moja kabla uso haujageuka. Salfa iondolewe kabla ya utando. Kontena zisikae juani, na tarehe ya kutibiwa, si ya kufungashwa, iandikwe kwenye kila kifurushi.