Safari Yetu ya Pikipiki Nebraska, na Kisima cha Nyumbani

Hotuba ya wanachama wawili wanaoishi Marekani, iliyosomwa kwenye harambee yetu ya mwaka



Tunashukuru kuruhusiwa kusimama hapa wawili. Mwenyekiti alitaka mmoja wetu tu aongee. Tukamwomba radhi, kwa sababu haya tunayokuja kuyasema yakitoka kwenye mdomo mmoja, nusu ya waliokaa hapa hawatayasikiliza. Mnatufahamu. Mmoja wetu ni mtoto wa upande wa mlimani, mwingine ni wa bondeni, ng'ambo ya korongo. Na mwaka wote uliopita mlikuwa mnatusoma kwenye kundi la WhatsApp tukirushiana maneno kuhusu kisima cha pili kichimbwe upande gani. Tunaishi jiji moja, Omaha, tulikwenda huko miaka inayokaribiana, mmoja alimpokea mwenzake uwanja wa ndege. Lakini kwa ajili ya kisima ambacho hakijachimbwa tulifika mahali pa kusalimiana kwa kichwa tu.

Safari ya pikipiki tulikuwa tumeiahidiana kabla ya ugomvi. Likizo zilikwisha kuombwa kazini, na kazi zetu si za kubadilisha likizo hovyo. Mmoja yuko kiwanda cha nyama, mwingine anaendesha malori. Basi tukaenda. Pikipiki mbili zilizotumika, moja ya cc 750, nyingine 650, mahema mawili (ndiyo, mawili!), na unga wa ugali kwenye mfuko wa pembeni.

Kutoka Omaha hadi Grand Island ni kilomita kama 240 za mashamba ya mahindi, na hapo hatuna la kuwaambia. Safari yenyewe inaanza unaposhika barabara namba 2 kuelekea kaskazini-magharibi. Ni kilomita zaidi ya 430 hadi Alliance. Mahindi yanakwisha, miti inakwisha, halafu unaingia kwenye vilima vya mchanga vilivyovikwa nyasi, kimoja baada ya kingine, mpaka macho yanachoka. Eneo hilo linaitwa Sandhills, kilomita za mraba kama 50,000, karibu robo ya jimbo zima. Chini ya nyasi hizo ni mchanga mtupu, kama wa ufukweni. Nyasi zikiondoka, kilima kinaondoka nazo.

Nchi ile ilikuwa ya Wapawnee na Walakota, na ya nyati wa kule wanaoitwa baisani, kabla ya wao kusukumwa nje. Mwaka 1904 serikali ya Marekani ikatoa sheria ya kumgawia kila mlowezi ekari 640 katika eneo hilo. Watu wakaja na majembe, wakalima mchanga, upepo ukauchukua, wengi wakaacha wakaenda zao. Sisi watu wa Kongwa tukisikia habari hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Babu zetu waliona matrekta ya Mwingereza yakifyeka pori mwaka 1947 ili Ulaya ipate mafuta ya karanga, na mwaka 1951 waliona mpango ukifutwa, vyuma vimeachwa, karanga hakuna. Kule kama huku, waliobaki ni wenye ng'ombe.

Kwenye pikipiki hakuna kubishana. Upepo unameza kila neno. Unamwona mwenzako mbele, mgongo tu na kofia, saa nzima, na kando yenu treni ya makaa ya mawe, ndefu kiasi kwamba unaipita kichwa ukiwa umeshasahau ulipoanza kuipita mkia. Usiku wa kwanza tulilala Halsey, kwenye msitu uliopandwa kwa mikono mti mmoja mmoja kuanzia miaka ya 1902 na 1903, katikati ya nyasi. Tulipika ugali kwenye jiko moja kwa kuwa la pili liligoma kuwaka. Tulikula kimya.

Asubuhi tukapita Seneca, kijiji kidogo kando ya mto Middle Loup. Mwaka 2014 wakazi wake walipiga kura kukifuta kijiji chao wenyewe. Nyumba zipo na watu wapo, ila halmashauri haipo tena. Walikuwa wamegombana miaka, na mojawapo ya magomvi ilikuwa farasi waliofugwa ndani ya kijiji. Habari hiyo mmoja wetu alikuwa ameisoma kabla, akamwambia mwenzake tuliposimama kunyoosha miguu. Mwenzake akasema, "Farasi?" Akasema, "Farasi." Tukawasha pikipiki.

Ukiingia wilaya ya Hooker saa inarudi nyuma, kwa hiyo tulipewa saa moja ya bure. Tukaitumia yote kwenye pancha. Kupita Mullen, msumari uliingia gurudumu la nyuma la ile 750. Hatukuwa na tyubu ya akiba, mtandao wa simu hakuna, jua kali, na upepo ule usiopumzika ambao mtu wa Kongwa anaujua. Tulikaa pale muda mrefu. Ndipo ikaja pikapu, ndani yake mzee mfugaji, umri wa baba zetu. Alitazama gurudumu, akasema kiraka anacho na pampu anayo, lakini ana vinu vitatu vya upepo vya kukagua kabla ya jioni, na ng'ombe wanatangulia. Kama hatuna haraka, tupande.

Tukapanda. Wenzetu wafugaji mliopo hapa mtatuelewa: hiyo ndiyo sehemu ya safari tuliyoikumbuka kuliko zote.

Chini ya vilima vile kuna maji mengi, hifadhi kubwa ya maji ya ardhini iitwayo Ogallala, inayopita chini ya sehemu za majimbo 8. Lakini maji kuwa chini na ng'ombe kunywa ni mambo mawili. Kinu kinasimama juu ya mnara wa chuma. Upepo unazungusha gurudumu, gurudumu linapandisha na kushusha fimbo ndefu ndani ya bomba, na chini kabisa kuna pistoni yenye ngozi za duara, upana wa kikombe cha kahawa, zinazosukuma maji juu. Kinu cha kwanza kilikuwa salama. Cha pili gurudumu linazunguka vizuri kabisa, ukikitazama kwa mbali ungesema kinafanya kazi, lakini bombani maji yanadondoka kama chozi. Mzee hakupanda hata mnara. Alisema ngozi zimelika.

Akazivuta fimbo kwa winchi ya pikapu, sisi tukishika spana ya bomba, mmoja huku mwingine kule, kwa sababu kazi ile haifanywi na mtu mmoja bila tabu. Ngozi za zamani zilikuwa nyembamba kama karatasi. Akaweka mpya kutoka kwenye kopo la kahawa lililokuwa chini ya kiti. Saa moja na nusu, kazi imekwisha. Ng'ombe walikuja wakatusukuma pembeni.

Kisha akatoa daftari, akaandika tarehe. Tukaomba kuliona. Kila kinu kina kurasa zake: lini kilitiwa oili, lini ngozi zilibadilishwa. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa baba yake.

Alipokuwa anaziba tyubu yetu alituuliza tumetoka wapi. Tukamwambia Tanzania, na kwetu pia ni nyasi, upepo na ng'ombe. Akauliza nyumbani mnawanywesha kwa nini. Tukatazamana. Mmoja wetu akasema tuna kisima kirefu chenye pampu ya mkono, ila kimekufa. Tangu lini? Tangu mwaka juzi. Kimevunjika nini? Na hapo, ndugu zetu, tuliona aibu, kwa sababu jibu tulikuwa nalo sote wawili. Mipira ya pistoni. Bei yake haifiki ya mbuzi mmoja. Mzee hakusema kitu. Alikataa hela yetu, akaondoka.

Hema la pili halikufunguliwa usiku ule. Tulifika Alliance, tukapata chumba, tukakaa kuandika mpaka usiku mkubwa, na tuliyoyaandika ndiyo haya mliyonayo kwenye ukurasa wa katikati wa kijitabu hiki.

Tunaomba hivi. Fedha za kisima cha pili zilizoko benki zisichimbe kisima mwaka huu, si mlimani wala bondeni. Tunajua wapo watakaokasirika, na baadhi yao ni kaka na dada zetu wa tumbo moja. Fedha hizo kwanza zifufue kisima kilichopo, zinunue mipira na vipuri vya miaka mitano, zimlipe fundi, na sehemu ibaki kuwalipa posho walinzi wawili wa pampu. Michango ya leo iingie kwenye mfuko huo huo. Kisima cha pili tutakijadili siku cha kwanza kitakapokuwa kimetoa maji mwaka mzima bila kusimama.

Fundi tumeshaongea naye, atapandisha mabomba Jumanne asubuhi. Anahitaji vijana sita wenye nguvu na kamba. Daftari tumelileta, hili hapa, lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza tumeandika jina la kisima tu. Kabla hatujaachana leo tunaomba majina mawili ya watakaolishika, mmoja wa mlimani na mmoja wa bondeni, na wawe wanaoweza kushika spana moja.