PUNDA WA ADUI: HURUMA KWA MNYAMA WA PORINI ALIYE TAABUNI



Huenda wengine wakashangaa kusikia mazungumzo ya Haki na Amani yakigusa wanyama wa porini, ilhali mkoani kwetu wapo watu wasio na maji wala chakula cha kutosha. Mshangao huo una haki yake, nasi hatutaupita kimya.

Sisi wa Singida tu majirani wa pori. Kusini, katika wilaya ya Manyoni, yako mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikiisha, ukame hudumu kwa miezi mingi. Mnyama hutafuta maji na malisho, na njia yake hupita katika mashamba yetu. Ndipo tunapomkuta taabuni: amenaswa, amejeruhiwa, au amepotezana na kundi lake. Na mara ngapi jambo la kwanza kumfikia huwa ni mawe na vicheko, watoto wakitazama na kujifunza?

Tuutafakari mtego wa waya. Kitanzi hutegwa katika mapito ya wanyama. Kadiri aliyenaswa avutavyo, ndivyo kinavyokaza, hata kikate ngozi na nyama. Hakichagui dume wala jike mwenye mimba. Aliyekitega akichelewa, nyama huoza, na hapo hakuna aliyeshiba. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, nasi hatumdharau baba ambaye watoto wake wamelala njaa. Lakini siku nzima ya mateso haiongezi hata kipande kimoja chunguni.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Papo hapo yatuonya tusiwatumilie wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kuwaondolea watu dhiki yao. Kwa hiyo Kanisa halimweki mnyama juu ya maskini. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alionyesha kwamba moyo ni mmoja: ukatili kwa viumbe hauchelewi kuwageukia watu.

Hapa kwetu jambo hilo si la kubuni. Fisi akionekana karibu na nyumba, wapo wasemao ametumwa na mchawi. Hupigwa mawe, kisha huulizwa, ametumwa na nani? Na macho huelekea kwa bibi kizee aishiye peke yake. Jiwe lililozoea kumpiga fisi halikosi njia ya kumfikia bibi huyo.

Mtu atauliza: “Je, nimhurumie tembo aliyemaliza mtama wangu?” Tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 23. Mwisraeli anaagizwa kwamba akimkuta punda wa mtu amchukiaye amelala chini ya mzigo, asimpite, bali asaidie kumwinua. Sheria haikungoja kwanza ugomvi uishe, wala haikuufuta. Madai dhidi ya adui yalibaki na mahali pake. Mnyama aliyeanguka aliinuliwa.

Vivyo hivyo nasi. Aliyepoteza shamba anayo madai, na ni wajibu wetu kusimama naye. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na wanyama hatari, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa. Mjane asiyejua kuandika atadai namna gani, kama kiongozi wa jumuiya hamsaidii? Lakini tembo naye ameonewa: mwaka 2009 walihesabiwa takribani 109,000 nchini; mwaka 2014 walibaki takribani 43,000, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya pembe. Damu hiyo haikujaza ghala la mkulima wetu.

Kwa hiyo twapendekeza kwa kila jumuiya:

1. Mnyama akikutwa taabuni, watu wazuiwe kumzingira, hasa watoto, kwa kuwa nyati au tembo aliyejeruhiwa huua. Huruma si kujitia hatarini.

2. Habari ipelekwe upesi kwa serikali ya kijiji, kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Wao ndio wenye idhini ya kumfungua. Na kama hawezi kupona, kumaliza maumivu yake upesi nako ni huruma.

3. Mitego ya waya ikomeshwe, nasi tuzungumze kwa upole na ndugu wanaoitega, tukiuliza kwanza wanakula nini nyumbani.

4. Kila jumuiya iwe na mtu wa kuwasaidia waliopata hasara kuandika madai yao na kuyafuatilia.

Tusichague kati ya mkulima na mnyama, kama kwamba Muumba ana huruma ya kumtosha mmoja tu. Aliyemwinua punda wa adui hakumpunguzia jirani yake chochote. Alirudi nyumbani akiwa na moyo uliozoea kusimama mahali palipo na kilio.

Mungu awabariki nyote.