Tasa Mwenye Uzao: Namba Tasa Kubwa Kuliko Zote Zijulikanazo
Mada kwa walimu wa hisabati, Nakuru

Walimu wenzangu, nianze na orodha tunayoijua sote. Katiba ya 2010 imezipanga kaunti kuanzia Mombasa, ya 1, hadi Nairobi, ya 47. Kwa kuwa 47 ni namba tasa, huwezi kuzigawa kaunti zetu katika kanda kadhaa zenye kaunti nyingi zilizo sawa kwa idadi. Lazima angalau moja ibaki pembeni. Jirani yetu Laikipia, ya 31, ni tasa pia, ila ya ukoo maalumu: ni Nakuru toa 1. Nakuru ni 32, yaani 2 kwa kipeo cha 5. Tasa za sura hii huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17.

Kubwa kuliko zote zijulikanazo ni ya ukoo huohuo: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Aliyeipata Oktoba 2024 ni Luke Durant, aliyewahi kuajiriwa na NVIDIA, akishiriki katika GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea. Ina tarakimu 41,024,320. Ukichapa tarakimu 3,000 kila ukurasa, kurasa zitapita 13,600.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Njoro mwenye kalamu ataitaja tarakimu yake ya mwisho kabla kengele haijalia. Vipeo vya 2 huishia na 2, 4, 8, 6, kisha mzunguko huanza upya. Gawanya 136,279,841 kwa 4, baki ni 1. Basi kipeo hicho kinaishia na 2. Ukitoa 1, mwisho ni 1.

Ilijulikanaje kwamba haigawanyiki? Hakuna aliyejaribu vigawo vyote kimoja kimoja. Jua lingezimika kwanza. Lipo jaribio la Lucas, Mfaransa wa karne ya 19, lililonyooshwa baadaye na Lehmer. Tulifanye ubaoni kwa 31. Anza na 4. Zidisha kwa nafsi yake, toa 2: ni 14. Rudia: 196 toa 2 ni 194; gawanya kwa 31, baki 8. Rudia: 64 toa 2 ni 62, na 31 inaingia mara mbili kamili. Baki 0. Kipeo ni 5, hatua ni 3, pungufu ya kipeo kwa 2. Sifuri ikitokea hapo, namba ni tasa. Jioni jaribuni 2,047, ya kipeo cha 11. Sifuri haitatokea, maana ni 23 mara 89, ingawa 11 yenyewe ni tasa. Kwa namba ya Durant, hatua ni 136,279,839.

Mtu ataniuliza faida. Ulinzi wa benki mtandaoni hutumia tasa za tarakimu mia kadhaa, tena za siri. Hii ni kubwa mno, na kila mtu anaijua. Sitawadanganya.

Jina lenyewe, tasa, ndilo linalonikera. Mfugaji wa hapa akisema ng'ombe ni tasa, anamwaza mchinjaji. Lakini zidisha 31 kwa 16, upate 496, kisha jumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe: 1, 2, 4, 8, 16, 31, 62, 124, 248. Ni 496 tena. Euclid alithibitisha kwamba kila tasa ya ukoo huu huzaa namba kamilifu ya namna hiyo. Kwa hiyo tasa ya 2024 ilikuja na mtoto mgongoni, mwenye tarakimu 82,048,640.