Kabla Hujapanda Jukwaa

Leo tuko kwenye mjengo, hapa Maseno. Hosteli za wanafunzi zinapanda ghorofa kila mwaka, na kijana wa mkono anapanda nazo: karai la zege begani, kandambili miguuni, kichwa wazi, jukwaa la miti likiyumba.

Kandambili hizo ni kosa la mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai alinde kila mfanyakazi. Akipuuza wajibu huo na kupatikana na hatia, faini yake hufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili.

Nayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inamhesabu hata kibarua. Mtu akifa kazini, mwajiri ana saa 24 za kuarifu Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Familia hudai fidia ya mapato ya miezi 96.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiumia usikubali nauli ya kwenda nyumbani na pole. Tunza karatasi za hospitali, andika majina ya walioona, uende ofisi ya kazi Kisumu.