Tesla: Kipimo cha Sumaku na Mtu Aliyeizungusha



Mwaka 1960, Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo uliofanyika Paris uliamua kwamba nguvu ya uga wa sumaku ipimwe kwa tesla. Aliyependekeza jina hilo ni mhandisi Mslovenia, France Avčin. Nikola Tesla mwenyewe alikuwa amefariki New York tangu Januari 1943. Wapo wanaodhani alipewa heshima hiyo kwa umaarufu wake tu. Mimi nasema aliistahili.

Chukua waya wa mita 1, upitishe mkondo wa ampea 1, uukingamishe katika uga wa sumaku. Waya ukisukumwa kwa nguvu ya nyutoni 1, uga huo ni tesla 1. Huo ni uga mkali. Sumaku ya dunia, inayogeuza dira ya nahodha, hapa Dar es Salaam ni kama sehemu 33 tu kwa milioni za tesla. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5 au 3, ndiyo maana mgonjwa huambiwa avue kila chenye chuma.

Tesla alizaliwa mwaka 1856 kijijini Smiljan, katika Kroatia ya leo, mtoto wa kasisi wa Kiorthodoksi wa Kiserbia. Akiwa mwanafunzi Graz aliona mota ya mkondo mnyoofu ikitoa cheche kwenye brashi zake, akashikilia kwamba brashi zaweza kuondolewa. Jibu alilipata Budapest mwaka 1882.

Jibu lile ni zuri mno, naomba tulitazame kwa utulivu. Panga koili tatu kuzunguka duara, kila moja uipe mkondo geu unaofika kilele kwa zamu yake. Hakuna koili inayosogea, lakini jumla ya uga wao huzunguka. Ndani weka rota, yaani sehemu inayozunguka, yenye vipande vya shaba. Uga unaoipita huzalisha mkondo ndani ya shaba, na mkondo huo hufanya rota iburutwe. Kwa umeme wetu wa hezi 50, uga wa ncha mbili huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Rota hubaki nyuma kidogo daima. Ikiufikia uga, mkondo ndani yake hukatika na msukumo huisha.

Haki itendeke: Galileo Ferraris wa Turin aligundua uga unaozunguka kwa njia yake mwenyewe, na mota ya fezi tatu tunayoitumia leo inadaiwa mengi na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliyefanya kazi Berlin. Lakini hataza za Tesla za Mei 1888, zilizonunuliwa na George Westinghouse, ndizo zilizoingiza wazo hilo kwenye biashara ya umeme Marekani, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika Buffalo.

Vijana wetu wanasimuliwa zaidi habari za miale ya kifo na umeme wa bure. Hayo yanamdunisha Tesla. Walimu wa fizikia, nawaomba: tafuteni mota mbovu kwenye mashine ya kusaga iliyo jirani na shule, ifungueni mbele ya wanafunzi, waone koili kwa macho yao.