Kiongozi Husikiliza Kwanza

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya uongozi na kazi za kujitolea. Yatakuwa machache kweli, maana alasiri hii tunalo jambo la kuamua: kama fedha tulizochanga zijenge tangi la maji katika zahanati ya kijiji jirani. Ningependa maneno yangu yausaidie uamuzi huo.

Sisi wa rika langu tulisoma katika siku za Elimu ya Kujitegemea, siasa aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967. Ilitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, na wanafunzi wafanye kazi kama wananchi wengine. Wengi waliichukua kuwa ni habari ya jembe tu. Mimi naamini ilitufundisha pia kazi ya ulimi na sikio, na somo hilo tulilipata hasa katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973.

Kwa vijana ambao hawakuiona, nieleze kidogo. Kampeni ile iliendeshwa kwa majuma 12, wakashiriki watu wapatao milioni 2. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja wao akasoma kwa sauti kitabu kilichoeleza magonjwa kama malaria, kuhara damu, safura na kichocho. Baada ya hapo hapakuwa na hotuba. Kiongozi wa kikundi alikuwa amefundishwa kuuliza na kuwaacha wenzake wajadili. Je, ugonjwa huu upo kwetu? Unaletwa na nini? Tufanye nini? Wakishapatana, walikwenda kutenda: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo.

Mimi nilikuwa Kidato cha Tatu. Wengi kijijini walikuwa hawajajua kusoma, basi baadhi yetu wanafunzi tulipelekwa kuwa wasomaji wa vikundi.

Siku moja nilisoma kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, umesoma vizuri. Sasa nisomee na pale palipoandikwa kuni zitatoka wapi." Kuni zilikuwa mbali, mzigo mmoja ulimaliza asubuhi nzima. Kitabu hakikuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Kiongozi wetu hakujifanya analo. Alisema wazi, "Mama, hilo sikulifikiria. Tusaidiane mawazo." Wakajadiliana mpaka jua likaanza kushuka. Wakapatana kwamba wanaume nao wabebe kuni, na kwamba kwa kuanzia yachemshwe maji ya watoto wadogo. Jibu hilo halikutoka kitabuni, lakini lilifuatwa, kwa kuwa lilikuwa lao.

Kikundi kingine kilikuwa na kiongozi fundi wa kusema. Alihimiza vyoo kila walipokutana. Mzee mmoja akamwuliza kwa adabu, "Na chako, bwana, tupite njia gani tukakione?" Hakuwa nacho. Watu hawakucheka. Walinyamaza tu, na kimya kile kilimwuma kuliko kicheko. Jumamosi iliyofuata akaanza kuchimba shimo lake mwenyewe, na majirani wakaja na majembe yao. Tangu hapo hakuhitaji kuhimiza sana.

Ndugu zangu, sisi tuliopata vyeo tunaipenda sana methali ya asiyesikia la mkuu. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu, na mara nyingi huvunjika pamoja na wale anaowaongoza.

Nanyi vijana, darasani mkitoa jibu mnapewa alama, hata kama jibu lenyewe halijawahi kujaribiwa. Kijijini hakuna alama. Neno lako hupimwa kwa jambo moja: watu wamelitenda au hawakulitenda? Ndiyo maana kazi ya kujitolea ni shule. Anayekwenda kufagia soko ili apigwe picha hurudi alivyokwenda. Anayefagia huku akiwauliza wauzaji kwa nini takataka hurundikana pale pale kila juma, huyo yumo masomoni.

Sasa nirudi kwenye tangi. Nimesoma taarifa ya kamati. Bei imo, jina la fundi limo, hata maandishi ya kuchorwa ubavuni yamo. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba tumewauliza wauguzi wa zahanati, wala akina mama wanaojifungulia pale. Pengine watasema tangi ndilo hasa. Pengine watasema wanahitaji mabati na mifereji ya kukinga mvua kwanza, au kwamba bomba likiharibika hakuna wa kulitengeneza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Kabla ya kupiga kura, tuwatume watu sita, watatu wa chama na watatu wa shule, wakakae na wanakijiji. Wawaambie ukweli kuhusu kiasi tulicho nacho, bila kuahidi zaidi. Wawaulize wanataka nini, watachangia nini wao wenyewe, na nani atakitunza kitakachojengwa. Kisha warudi watuambie waliyoyasikia, hata kama hayatatupendeza.

Najua wapo watakaosema huku ni kuchelewesha kazi. Mwezi mmoja wa kusikiliza si hasara. Hasara ni tangi likae tupu miaka kumi, na jina la shule yetu likisomeka vizuri ubavuni.